Barabara Haina Lango

Kamembe, Rusizi
12 Oktoba 2025

Mpwa wangu mpendwa,

Bibi yako hajambo, ila magoti yanamuuma kila mvua inapojikusanya juu ya ziwa, na mwezi huu inajikusanya karibu kila alasiri. Mama yako alipita jana asubuhi na samaki wa sambaza, akakaa kidogo, akaondoka na kikapu cha parachichi. Mimi uchovu wa safari umekwisha. Asante kwa godoro, na uwashukuru wenzako wa chumbani waliolala wawili wawili ili mimi nipate mahali pa kujinyoosha.

Nina deni lako. Jumapili ile, tarehe 28 Septemba, tulikuwa tumesimama Kwa Mutwe tangu mapema, tumebanana na watu wa Nyamirambo pembeni ya ile barabara ya mawe, ukaniuliza: “Mjomba, umekaa kwenye basi saa sita nzima kutoka Rusizi, na hawa waendesha baiskeli wanapita hapa mara moja tu. Si ungebaki nyumbani ukaona mbio zote kwenye televisheni?” Nilitaka kukujibu, lakini ving'ora vya pikipiki za polisi vikasikika chini ya kilima, watu wakaanza kupiga kelele, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake.

Ulikuwa na haki ya kuuliza. Aliyebaki nyumbani alimwona Tadej Pogačar akichomoka kwenye Mlima Kigali zikiwa zimebaki kilometa zaidi ya 100, akamfuata mpaka alipovuka mstari peke yake, akaelewa ukali wa njia ile ya kilometa 267 iliyowashinda wengi hata wakamaliza watu 30 tu. Sisi tuliona kofia za baiskeli, miguu inayong'aa jasho, na migongo ikipotelea kwenye kona. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalikuwa hayajawahi kufika Afrika hata mara moja. Yalipofika, mimi na wewe tuliyaona kwa muda wa kunywa glasi ya maji. Na bado nakwambia nilirudi Rusizi nimeshiba. Leo baada ya chakula nimekaa nikuandikie sababu, na itanibidi nianzie mbali, ng'ambo ya maji.

Mimi na mama yako hatukuzaliwa Kamembe. Babu yako alivuka mto Rusizi mwaka 1961, kijana wa miaka kumi na minane, akaenda kuanza maisha Bukavu. Huko akamwoa mwanamke wa kabila la Washi, ndiye bibi yako, na mpaka natimiza miaka kumi na saba mji wangu ulikuwa mmoja tu, ule unaouona usiku ukiwaka taa upande wa pili. Tuliishi Kadutu. Jumapili alasiri Kadutu ilikuwa na njia moja, nayo ilikwenda uwanja wa Concorde. Siku timu ya Bukavu Dawa ilipokutana na ile ya Muungano, nyumba ziligawanyika hadi vyumbani: baba upande huu, shemeji yake upande ule, na chakula cha mchana kikaliwa mapema, bila maneno mengi, kila mtu akiitunza sauti yake.

Nilikuwa na miaka tisa siku nilipompoteza babu yako langoni. Lango lilikuwa jembamba na watu walikuwa wengi, wale wa nyuma wanasukuma kwa sababu wamesikia kipenga, wale wa mbele hawana pa kwenda. Mkono wangu ukachomoka mkononi mwake. Nikawa chini, katikati ya mapaja na mikanda, pumzi imenipotea, siwezi hata kulia. Mtu mmoja akanihisi magotini mwake. Akapaza sauti, “Mtoto! Kuna mtoto!” Wengine wakaipokea sauti hiyo, ikaenda mbele na nyuma, na wale watu waliokuwa wakisukumana kama ng'ombe wakasimama. Nikashikwa kwapani, nikapandishwa juu. Mikono ikanipokea. Nilipita juu ya vichwa vya watu nisiowajua, mkono hadi mkono, jua usoni, mpaka nikawekwa chini kando ya mwanamke aliyekuwa akiuza karanga karibu na mstari wa uwanja. Akanipa karanga za bure na kunifunga na ncha ya kitenge chake nisipotee tena. Babu yako alinikuta hapo wakati wa mapumziko, macho yamemwiva.

Ukiniuliza nani alishinda siku ile, sijui. Ninajua uzito wa ile mikono. Wengine walikuwa wa Dawa, wengine wa Muungano, na hakuna aliyeniangalia nimevaa rangi gani.

Mwishoni mwa 1994 babu yako alirudi Rwanda nasi wote. Tukafikia hapa Kamembe, tukiwa na magodoro mawili na cherehani ya bibi yako. Babu alipolisikia jina la uwanja wa mji, Kamarampaka, alinyamaza kitambo. Ndilo jina la kura ya maoni ya Septemba 1961, mwaka aliokimbia. Miaka zaidi ya thelathini ugenini, na neno la kwanza kumlaki lilikuwa lile lile. Lakini alikuwapo jirani aliyekuwa na sababu ya kuuepuka uwanja huo iliyo nzito kuliko jina.

Unamkumbuka Mzee fundi, aliyekuwa na kibanda cha ushonaji karibu na soko. Ulikuwa mdogo alipofariki, ila alikushonea sare yako ya kwanza ya shule. Timu zote za vijana wa mtaa zilimpelekea fulana awabandikie namba, naye aliwabandikia kwa bei ya uzi tu. Nikamwambia siku moja, “Mzee, twende Jumapili ukazione namba zako zikicheza.” Akaendelea kukanyaga cherehani. Alipofika mwisho wa mshono akakata uzi kwa meno, akanieleza kwa sauti ya mtu anayetoa vipimo.

Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya watu walikuwa wamekimbilia kanisa kuu la hapa kwetu Cyangugu. Wakahamishiwa uwanjani Kamarampaka, wakaambiwa huko ndiko watakakolindwa. Askari wakasimama langoni. Kisha yakaja majina yaliyoandikwa kwenye karatasi. Yakasomwa, waliotajwa wakatolewa, na waliotolewa wakauawa. Mzee alikuwa humo, ameketi kwenye majani, akisikiliza kama jina linalofuata ni lake au la ndugu yake. Waliobaki walihamishiwa kambi ya Nyarushishi mwezi Mei. “Waswahili mnasema penye wengi hapaharibiki neno,” akaniambia. “Pale tulikuwa wengi.”

Sikumwalika tena. Miaka mingi nilikwenda Kamarampaka nikiwa na swali kifuani kama ni halali mtu kupiga kelele za furaha mahali pale. Nilikwenda kwa sababu nilikuwa kijana na Espoir ilikuwa timu ya mji wangu mpya. Lakini nilikuwa nikikaa mbali na lango, na bao likifungwa nilikuwa naruka nusu.

Aliyeniponya kidogo ni babu yako, tarehe 5 Julai 2003. Kundi letu la kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika lilikuwa na timu 3: Rwanda, Uganda na Ghana. Moja tu ingekwenda Tunisia. Ghana ilikuwa imekwisha kulibeba kombe hilo mara 4; sisi hatukuwa tumewahi hata kualikwa mezani. Mwezi mmoja kabla, tulikuwa tumeizunguka redio ya babu yako tukasikia Jimmy Gatete akiifunga Uganda kwao Kampala, na watu wakasimulia kwamba alicheza kichwa kimefungwa bendeji. Babu hakuwa mtu wa kutumia pesa ovyo. Lakini asubuhi ile ya Ijumaa alitoa noti zilizokunjwa ndani ya Kurani yake, akasema, “Tunakwenda Kigali.” Alikuwa na miaka sitini.

Tulipita msitu wa Nyungwe usiku, basi likiwa baridi kama kisima, watu wamejifunika mablanketi na bendera. Tukalala kwa jamaa Nyamirambo, na Jumamosi asubuhi tukashika njia ya kwenda uwanja wa Amahoro kwa miguu, kwa sababu magari yote yalikuwa yamejaa na babu alisema hakuja Kigali kukaa kwenye gari. Uwanja ulikuwa umefurika. Wengine walikaa ngazini, wengine walisimama nyuma yao. Na nilichokuwa nikifuatilia zaidi ya mpira kilikuwa lugha. Mbele yangu watu walizungumza Kiganda, kushoto Kirundi kilichochanganyika na Kifaransa, nyuma yetu Kiswahili cha Tanzania, na mbele kidogo Kinyarwanda cha watu ambao hawakuwahi kuondoka. Ilikuwa imepita miaka tisa tu, mpwa wangu. Miaka tisa. Katika umati ule kila mtu alikuwa na jambo ambalo hakutaka kuulizwa.

Gatete akafunga. Sikumbuki niliruka vipi. Nakumbuka nilipotua, mtu niliyekuwa simjui alikuwa amenikumbatia, shingo yake imelowa, analia na kucheka pamoja. Sikumwuliza ametoka wapi. Naye hakuniuliza. Nikageuka kumtafuta babu yako nikamkuta amesimama wima, mikono kando, na kijana mmoja amemshika mabega kama anayemtikisa mti wa matunda. “Muzee! Tunakwenda Tunisia!” Babu akawa anarudia neno moja tu: “Tunakwenda. Tunakwenda.” Mtu aliyeondoka nchini akiwa na miaka kumi na minane kwa sababu aliambiwa si mmoja wao, alikuwa akisema *tu*. Mechi ikaisha 1–0. Tangu siku hiyo, bao likifungwa mimi naruka lote.

Sasa nikupeleke 2016, mwaka uliokuwa na siku mbili ambazo sitazisahau.

Januari mwaka huo Rwanda iliandaa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani. Kongo ilipangiwa mechi za kundi Huye, na barabara ya kutoka Bukavu kwenda Huye inapita mlangoni petu. Siku za mechi Kamembe iliamka kwa tarumbeta. Watu walivuka mpaka alfajiri, nyuso zimepakwa rangi, na mama zetu wa sokoni waliuza mandazi na chai mpaka sufuria zikakauka. Mjomba wako wa Bukavu, yule mtoto wa kaka wa bibi yako, aliifuata Kongo kila ilipokwenda, na kila mara alilala kwetu. Kisha ratiba ya robo fainali ikatoka: Rwanda na Kongo, Amahoro, tarehe 30 Januari.

Tuliondoka pamoja, mimi na jezi ya Amavubi, timu yetu ya taifa, yeye na jezi ya Chui wa Kongo. Bibi yako alitusindikiza hadi barabarani. Mwanawe upande mmoja, mtoto wa kaka yake upande wa pili. Akatuambia, “Mnakwenda wawili, mrudi wawili.” Hakutuambia anataka nani ashinde, na mimi sikuthubutu kumwuliza.

Tulikaa bega kwa bega. Doxa Gikanji akafunga mapema, binamu akasimama, mimi nikabaki nimekaa nikitazama viatu vyangu. Kipindi cha pili Ernest Sugira akasawazisha, uwanja ukatikisika hadi vumbi likadondoka, nikasimama mimi, akakaa yeye. Tukaingia muda wa nyongeza tukiwa hatuna sauti wote wawili. Tuligawana chupa moja ya maji. Zikiwa zimebaki dakika chache kufika penalti, Padou Bompunga akafunga la pili la Kongo, na pale nilimwona binamu yangu akifanya jambo ambalo sikuwa nimewahi kuliona kwa shabiki. Aliinuka nusu, akanitazama, akaketi. Akaweka kiganja chake juu ya goti langu akakiacha hapo mpaka kipenga cha mwisho.

Hakusema neno njia nzima. Basi lilikuwa na Wanyarwanda waliovunjika moyo na Wakongo wachache waliojua adabu ya safari. Huye tukashuka kunywa chai. Yeye ndiye aliyelipa. Asubuhi nikamsindikiza hadi darajani Rusizi. Tukaagana, akaonyesha karatasi zake, akavuka. Alipofika upande wa pili aligeuka, akavua jezi, akaizungusha juu ya kichwa, na akapiga ukelele mmoja mrefu, hata askari wa pande zote mbili wakacheka. Alikuwa ameubeba ukelele ule kilometa zaidi ya 200, usiku kucha, ili asinijeruhi nao. Tarehe 7 Februari Kongo ilipoifunga Mali 3–0 na kutwaa kombe pale pale Amahoro, kelele za Bukavu zilitufikia juu ya maji, na bibi yako akatoka uani akapiga vigelegele. Nami nikampigia makofi.

Mwezi Februari mwaka huu, vita vilipofika Bukavu, simu ya mjomba wako huyo haikupatikana kwa siku kadhaa. Ilipopatikana, hakutaka kusimulia chochote. Aliniuliza tu, “Unamkumbuka Bompunga?” Nikasema namkumbuka. Tukakaa kimya, simu ikila salio, na mimi nikahisi kiganja chake juu ya goti langu.

Ya pili kati ya zile siku mbili za 2016 ilikuwa Novemba, Tour du Rwanda ilipotoka Karongi kuja kumalizia hapa kwetu. Unajua barabara ile inavyofuata ziwa, inapanda na kushuka, kona juu ya kona, Kivu mara iko kulia mara imejificha nyuma ya migomba. Shule zilifungwa mapema. Watoto walipanga mstari kuanzia Ntendezi, na bango lilikuwa halihitajiki kumwambia mtu mbio zinapita wapi, kwa sababu kila palipo na kilima palikuwa na watu. Nilikuwa nikitafuta mahali pa kusimama nilipomwona Mzee fundi. Alikuwa ameketi kando ya barabara, juu ya kigoda cha cherehani yake, amevaa koti la sikukuu. Nilidhani nimekosea mtu.

Nikamwamkia, nikasimama nyuma yake. Akaniambia bila kugeuka, “Barabara haina lango.”

Wakapita. Upepo wao ukatupiga usoni, minyororo ikilia kama mvua kwenye bati, na watu wakaita jina la Valens Ndayisenga, aliyekuja kushinda mashindano yote mwaka ule kwa mara ya pili. Mzee akanyanyuka. Akapiga makofi polepole, makubwa, mpaka gari la mwisho lilipopita na polisi wakafungua njia.

Mwaka uliofuata, wiki ambayo Rayon Sports walikuwa wanakuja kucheza na Espoir, alinikuta barabarani akaniambia, “Nitakwenda. Ila tukae karibu na lango, na lango libaki wazi.” Nilikwenda mapema nikazungumza na kijana wa mlangoni. Nikamweleza kidogo tu. Akasema mzee yule hatafungiwa.

Tuliketi. Mzee alikuwa ameshika mkono wangu juu ya kiwiko. Watu wa Rayon walikuwa wamejaza upande mmoja kwa rangi yao ya buluu, ngoma zinapigwa. Kisha kipaza sauti kikawaka, na mtangazaji akaanza kusoma majina. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo. Nimehudhuria mechi kwa miaka na sikuwahi kufikiri kwamba kabla ya mpira kuanza husomwa majina ya watu katika uwanja ule. Jina la kwanza liliposomwa vidole vya Mzee viliingia nyamani mwangu. Na watu wakaitikia kwa shangwe. Jina la pili, shangwe. La tatu, shangwe na ngoma. Kila jina lilipokelewa na sauti za watu waliofurahi kwamba mtu huyo yupo, ni mzima, na anatoka mbele yao akiwa na nguvu zake. Lilipofika la kumi na moja vidole vilikuwa vimelegea. Mzee akapumua, akasema kwa upole, “Endelea kusoma.”

Matokeo ya siku ile yamenitoka. Ukitaka, yatafute wewe. Alikuja mara nyingi baada ya hapo, na hatimaye hatukuhitaji kukaa karibu na lango.

Hilo ndilo ninalokwenda kulitafuta, mpwa wangu. Sisi wa ukingo huu wa maji tunajua umati ni kitu gani. Watu wengi wakikusanyika wanaweza kuwa kisu. Kwa hiyo kila mtoto wetu anapaswa kujifunza, kwa mwili wake na si kwa kusimuliwa, kuwa mmoja kati ya watu wengi bila kumdhuru yeyote: kusukumwa bila kusukuma, kushinda bila kumtia jeraha aliyeketi kando yako, kushindwa na bado ukagawana maji. Televisheni inaonyesha mpira vizuri kuliko jukwaa lolote. Lakini kwenye televisheni hakuna anayekukanyaga mguu akakuomba radhi, na wewe hukanyagi mtu.

Najua unaipenda Arsenal. Ipende, jina la nchi yetu liliingia kwenye mkono wa jezi yao mwaka 2018 na mimi mwenyewe huitazama nikiwa kwa kinyozi. Ila Arsenal haitajua kama Jumamosi ulikuwa umelala. Espoir ilishuka daraja mwaka 2023, na tangu hapo wakubwa wa ligi, Rayon na APR, hawana ratiba ya kuja huku, na ngoma zimepungua. Waliobaki tunajuana. Yuko mama wa mihogo, wako vijana wa pikipiki wanaoacha abiria kipindi cha kwanza wakarudi cha pili, yuko mwalimu mstaafu anayeandika kila kona kwenye daftari. Mmoja asipoonekana wiki mbili, ya tatu mtu hupita kwake kuuliza kulikoni. Kila Aprili, wakati wa maombolezo, tunakaa kimya katika uwanja huo huo au karibu yake, tukiwa watu wale wale. Nadhani ukimya wetu ni mzito zaidi kwa sababu tumewahi kupiga kelele pamoja.

Sasa nikurudishe Kwa Mutwe nimalize deni langu.

Ving'ora vilipokaribia na watu wakasogea mbele, alikuwapo mtoto mmoja kulia kwako, wa miaka mitano au sita, kaptula ya kijani. Alikuwa ameanza kumezwa. Niliona kichwa chake kikishuka kati ya viuno vya watu, na nikahisi ile pumzi yangu ya langoni Concorde ikikatika upya. Nikanyoosha mkono, lakini wewe ulikuwa umekwisha kuinama. Ulimshika kwapani ukampandisha mabegani, ukaishika miguu yake miwili, na ukaendelea kutazama barabara kama mtu aliyeweka mzigo wake mwenyewe. Baiskeli zilipopita, wewe hukuona vizuri. Magoti yake yalikuwa yamekuziba pembeni. Yeye aliona zote. Baadaye alikuja dada yake mkubwa mbio mbio, ukamkabidhi, mkaagana.

Hukuuliza ni mtoto wa nani.

Basi niliposimama pale nikiwa na jibu lako mdomoni, niliona sina haja ya kulitoa. Nilikaa kwenye basi saa sita nzima kuja kuona baiskeli, nikakuona wewe.

Mvua imeanza kugonga bati, na bibi yako ananiita niingize nguo. Ukifunga chuo mwezi Desemba, njoo tuwe sote. Espoir wakiwa na mechi nyumbani, nitakupeleka. Njoo na mwavuli, na vaa viatu vya kusimamia. Mahali alipokuwa akikaa Mzee hakuna aliyepachukua. Tutakaa hapo, utaona vizuri, na majina yakianza kusomwa, itikia kwa sauti.

Bibi anakusalimu sana. Mama yako anasema upige simu.

Ni mimi,
Mjomba wako